Tumbo Lililongoja Kufungwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daftari hili lilikuwa la binti yangu Ange. Amelikataa, eti mistari yake ni ya watoto wadogo na yeye sasa ni mtu wa darasa la tano. Basi nimelichukua mimi. Mvua imeanza leo. Paa la wodi yetu ya upasuaji linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kitanda cha dirishani, na nilisema tangu mwezi wa sita. Katika hospitali yetu kusema na kusikilizwa ni ndugu waliogombana.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Ndoo chini ya tobo la paa. Hakuna jipya, namshukuru Mungu.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo ameletwa kijana kutoka upande wa Masisi, jina lake Byiringiro. Ni mtengeneza jibini katika shamba moja la ng'ombe huko juu. Risasi ilimkuta akiosha ndoo za maziwa. Ni risasi ya nani, hatuulizi. Mwaka huu watu wa Goma tumejifunza kutouliza. Iliingia kwenye tako la kulia na haikutoka. Huko kwenye kituo cha afya walimsafisha, wakambandika plasta, wakamwambia aende nyumbani, kwa sababu tobo lenyewe lilikuwa dogo, punje ya hindi ingeliziba. Alienda kwa miguu yake. Homa ilipompanda ndipo mama yake alipotafuta moto, yaani pikipiki, akampakia katikati, yeye mwenyewe akakaa nyuma amemkumbatia, wakaja hivyo na mvua yote ikiwapiga.

Dokta Bashige alimlaza ubavu, akavaa glavu. Dokta wetu ni mtu mfupi, maneno yake ni machache. Tumetoka wote upande wa Bukavu, lakini hilo halijamfanya anichekee hata siku moja. Kila kidonda kilicho kati ya kiuno na goti yeye huanza na kidole, nyuma. Wanafunzi wanaona aibu. Yeye huwaambia kwamba aibu haijawahi kuponya mtu. Kidole kikatoka na damu.

"Rektumu imepasuka," akasema. "Mutayarishe chumba ya operasio."

Rektumu ndiyo mwisho wa utumbo, pale choo kinapongojea kabla hakijatoka. Ikipasuka, uchafu unaingia kwenye nyama, na nyama inaoza kimyakimya huku mtu anasema anajisikia vizuri kidogo. Tobo lake lilikuwa chini sana, ndani ya mifupa ya nyonga. Huwezi kulifuata huko na sindano. Utaharibu zaidi ya ulichokikuta. Dawa yake ni kulipumzisha. Kwa hiyo dokta aliuvuta utumbo kutoka juu ya pale palipoumia, akautoa nje upande wa kushoto wa tumbo, akaufungua hapo, ili choo kitokee pembeni na huku chini pabaki pakavu mpaka papone. Kibofu kilikuwa kizima, tuliangalia mkojo, ulikuwa safi. Tukampa sindano ya pepopunda na dawa za kuua vijidudu, zile zilizobaki. Nimechoka, lakini ninaona alikuja kabla mlango haujafungwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Ameamka. Akainua shuka, akatazama tumbo lake, akatazama uso wangu.

"Sasa hii njo nini?"

"Ni njia ya pembeni," nikamwambia. "Ya muda tu. Ile ya zamani inapumuzika."

Akashusha shuka. Mama yake, mama Mukantwari, mwanamke mrefu aliyekauka, ndiye aliyesema. "Mama Ange, mutamufunga siku gani?" Sijui nani alimwambia jina la mwanangu. Nikamjibu kwamba kwanza apone, kama miezi miwili hivi, mitatu, tutaangalia. Alipokuja kuchukua maji ya moto akauliza tena. Na jioni nilipokuwa navua koti langu akauliza tena. Wapo walinzi wa wagonjwa, hawa jamaa wanaolala nao wodini, ambao Mungu amewaleta duniani ili kupima wauguzi.

Alhamisi, 18 Septemba

Mifuko ya kubandika tumboni haipo. Ndege hazitui, na duka moja la dawa lililokuwa nayo linaitoa kwa watu wenye jamaa Ulaya. Basi nimemfundisha Byiringiro mfuko wetu: pete iliyokatwa kwenye kopo la margarini, sashe, mfuko wa plastiki wa dukani, ikikunjwa juu yake, na kipande cha kitenge cha kuifungia kiunoni. Anafanya vizuri kuliko mimi. Mikono ya mtu wa jibini ni mikono safi.

Mkewe anaitwa Umugwaneza. Huja adhuhuri na chakula, anakaa kidogo, anaondoka, macho yake yako nje muda wote. Mama Mukantwari ndiye anayefua vitambaa, huko nyuma kwenye majiko ya makaa. Nimewaona wake wa aina hiyo. Huyu Umugwaneza atakuwa amemwacha mumewe kabla ya Noeli.

Mukantwari ameuliza siku gani.

Jumapili, 28 Septemba

Nimecheka leo kuliko mwezi wote. Mchungaji alikuja kuombea wodi. Amefumba macho, sauti imepanda, anawakemea maadui wote wa mwili, mara tumbo la Byiringiro likatoa upepo kwa sauti ya tarumbeta. Byiringiro akasema, "Samahani, pasta, ni Kaporali." Kumbe ndilo jina alilolipa, kwa sababu linaamrisha linapotaka na halimwogopi mkubwa. Wodi nzima ikaangua kicheko, hata yule wa mguu uliokatwa. Mchungaji naye alicheka, akamaliza kwa amina.

Mukantwari peke yake hakucheka. Alinifuata kwenye korido.

"Munacheka naye, lakini mutu hapana wa kutolea choo mu tumbo. Mumufunge."

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja inaumiza tumbo," akanijibu papo hapo. Mwanamke huyu ana ulimi, na mimi nilidhani wa kwangu unatosha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumemruhusu. Masisi hawawezi kurudi, kwa hiyo watakaa mtaa wa Ndosho, chumba kimoja kwa shangazi. Nikawaketisha wote watatu nikawaeleza: asibebe kizito, asinywe pombe ya kasiksi, maji yachemshwe, ngozi ioshwe na ikaushwe, aje kila juma. Wakarudia maneno yangu mmoja mmoja. Niliona nimefanya kazi yangu vizuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimebaki nyumbani kwetu, mtaa wa Mapendo. Tumbo la Ange limefunga tangu Jumapili. Nikachukua puari, ule mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, nikamtia maji ya vuguvugu na chumvi nyuma, akapiga kelele za kuchinjwa, akaenda choo, akaomba mkate. Hakuna nyumba hapa isiyokuwa na puari imetundikwa nyuma ya mlango, na mama asiye nayo huazima kwa jirani. Mtoto hana haja, mzee ana mgongo, mwanamke ametoka kuzaa, dawa ni hiyohiyo. Mvua haikukatika mchana wote.

Jumanne, 14 Oktoba

Byiringiro amekuja, anaendelea vizuri. Kidonda cha tako kimefunga. Kaporali ana afya. Mukantwari ameuliza siku gani, nikamwambia, "Mama, hata salamu?"

Jumatatu, 20 Oktoba

Nayarudisha maneno yangu. Asubuhi moto yangu ilikwama kwenye matope ya Ndosho, nikashuka, na mbele yangu mwanamke anapanda na bidoni ya njano ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mwingine kamshikia ya pili. Ni Umugwaneza. Anauza maji nyumba kwa nyumba. Alipoingia kwenye nyumba, nilisubiri atoke, nikamuuliza kama ndiyo kazi aliyokuwa akikimbilia kila adhuhuri.

"Njo hiyo," akasema. "Nikichelewa, watu wananunua kwa wengine. Mama anabaki naye, mimi ninatafuta. Tuligawanya."

Nikamuuliza kama Byiringiro anajua. Alisema hajui, anafikiri shangazi ndiye anayewalisha, kwani akijua atataka kubeba yeye, na mimi nimesema asibebe. Nimeona haya. Niliwasema vibaya watu waliokuwa wanafuata amri yangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ukuta wa jirani umeanguka kwa maji. Hakuna aliyeumia. Ange anakohoa.

Jumanne, 4 Novemba

Byiringiro alikuja amenyoa, amevaa shati la kanisani. Bwana wa shamba ametuma mtu.

"Anasema nikifungwa tu nirudi," akaniambia. "Ile ng'ombe ziko, ile sehemu ya kukaushia fromaji iko. Lakini na poshe, huu mufuko, hapana. Nani atakula fromaji ya mutu wa poshe?"

"Mimi."

"Wewe umezoea harufu, mama Ange."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Akanieleza jinsi jibini inavyogeuzwa kila siku, na jinsi ukiingia na mkono mchafu mara moja tu, ile yote ya juma zima inaota ukungu mwekundu, unaitupa kwa nguruwe. Alikuwa akiiangalia mikono yake, anaigeuza. Niliona kwamba kijana huyu hangoji afya, afya anayo. Anangoja aitwe mtu tena. Nikamwomba dokta tufanye picha ya ndani juma lijalo, tuone kama tobo limeziba. Dokta akakubali kwa kichwa.

Jumatano, 12 Novemba

Nitaandika yote ya leo ingawa kichwa kinauma.

Picha ya Byiringiro tumeifanya asubuhi. Kazi yenyewe ni ndogo: unapitisha mpira mwembamba kutoka nyuma, unaingiza dawa nyeupe iliyochanganywa na maji, polepole kabisa, ishuke kwa uzito wake wenyewe bila kusukumwa, kisha unapiga picha uone kama inabaki ndani ya njia yake au inatoroka. Dokta alishika mpira, mimi nilishika chupa. Mukantwari alikuwa amesimama mlangoni akichuruzika maji ya mvua, na sikuwa na moyo wa kumfukuza.

Dawa ilitoroka. Uzi mmoja mwembamba, upande wa kulia, kama urefu wa ukucha.

"Bado," akasema dokta. "Iko karibu, lakini bado. Tukifunga leo, choo kitapita kwenye hilo tobo, na tutarudi tulipoanzia, pabaya zaidi. Baada ya Noeli tutarudia."

Byiringiro alivaa suruali yake bila kutuangalia. Alipoenda choo cha nje yale maji yakatoka, pamoja na kamasi nyeupe na masazo ya zamani, mambo ambayo hutokea kwa utumbo uliokaa bila kazi. Akarudi, akasema kwa sauti ndogo kwamba anasikia wepesi chini, kama amevuliwa mzigo.

Mukantwari alikuwa amesimama palepale. "Ile maji imemusaidia," akaniambia. "Uso yake imefunguka, unaona?"

Wakati huohuo geti lilikuwa limefunguliwa na pikapu inaingia, watu wanalia juu yake. "Ee, mama," nikamwambia, nikakimbia. Walikuwa saba, wengine wamekufa njiani. Tumemaliza jioni. Mvua imenyesha juu ya damu uwanjani mpaka mawe meusi yakarudia rangi yake.

Alhamisi, 20 Novemba

Wodi imejaa, wagonjwa wako chini hadi mlangoni. Byiringiro hakuja Jumanne. Barabara ya Ndosho ni mto, nadhani ni hilo.

Alhamisi, 27 Novemba

Umugwaneza amemleta asubuhi juu ya moto. Sikumtambua. Midomo imekauka, macho yamezama, mwili wa moto na miguu ya baridi. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo lilinitisha kuliko yote.

Nilipomfungua nguo harufu ilinirudisha nyuma, mimi niliyezoea. Kuanzia njia ya haja mpaka kwenye korodani ngozi imevimba na kuwa nyeusi, na nilipogusa pembezoni ilitoa mlio mdogo chini ya kidole, upepo ulioko ndani ya nyama. Ukisikia mlio huo hungoji chochote. Nilimwita dokta kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Tulikata muda mrefu. Ugonjwa ule unakimbia chini ya ngozi, na daktari anakimbia nyuma yake na kisu mpaka akute nyama inayotoa damu. Dokta alikata, nikaosha, akakata tena. Tobo lililokuwa uzi mwembamba sasa linapitisha vidole viwili, na kuta zake zimeungua, na risasi haiunguzi hivyo. Dokta aliinua kichwa.

"Huku kumeingia kitu," akasema.

Nilimkuta Umugwaneza kwenye mabeseni ya kufulia. Nikamshika mkono, labda kwa nguvu. "Mulimutia nini?"

Akaangalia kwanza kama mama mkwe wake yuko karibu. Kisha akasema, macho chini:

"Mama alimufanyia na puari. Asubui na mangaribi. Alichemusha majani ya umuravumba na pilipili kidogo, ya kuosha. Alisema dokta alifanya mara moja tu na ikamupunguzia. Akifanya kila siku, kidonda itajisafisha, mbele ya Noeli atafungwa."

"Na wewe uliacha?"

"Nilikuwa ku maji, mama Ange. Na ata ningekuwako..." Akaniinulia macho. "Kwetu puari ni kitu ya kukataza mutu?"

Nilikuwa na maneno mdomoni, makali, yale ninayojulikana nayo. Kisha nikakumbuka. Tarehe tatu ya mwezi wa kumi niliwaketisha watu hawa watatu nikawakataza kasiksi, nikawakataza mizigo. Puari sikuitaja. Sikusahau kuitaja; haikunijia kama kitu cha kutajwa, kama vile nisingemkataza mtu kunawa uso. Nyuma ya mlango wangu iko moja.

"Usimuambie mama," Umugwaneza akasema. "Anafikiri ni ile risasi imerudia. Yeye njo nitabaki naye. Akijua, nitazika watu wawili."

Nikamwachia mkono. Ulibaki na alama za vidole vyangu.

Ijumaa, 28 Novemba

Tumemsafisha tena. Nimemweleza dokta yote kwenye sinki. Alikuwa akinawa, akaendelea kunawa.

"Nani alimueleza yule mama ile picha ilikuwa ya nini?"

"Si mimi," nikasema.

"Na si mimi." Alifunga bomba. "Alituona tunatia maji nyuma. Alituona sisi, Sidonie." Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Akasema ni lazima mama aambiwe, ili naye aambie wengine. Nikamwambia wengine nitawaambia mimi. Akakausha mikono, akasema nifanye nitakavyoona. Kwa hiyo leo, Mukantwari akiwa kitandani kwa mwanawe, nimewatoa wagonjwa wengine wote wa tumbo na walinzi wao hadi kwenye veranda ya nyuma, wachache wachache, nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba aliyepasuliwa huku ndani asiguswe na puari, hata ya maji matupu, hata akilia. Walishangaa. Bibi mmoja aliuliza, "Ata ya chumvi?" Ata ya chumvi, mama.

Jumapili, 30 Novemba

Byiringiro hajambo kidogo. Amekunywa uji. Mukantwari anamlisha kwa kijiko na kumwimbia kwa Kinyarwanda, nyimbo za kuchungia. Mimi nilikuwa najiandaa kumchukia na sijui nianzie wapi.

Jumatatu, 1 Desemba

Dokta Bashige, yule wa maneno machache, nimemkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya familia moja ya Rutshuru, anachora utumbo kwenye boksi la dawa, anawaeleza. Anaeleza vibaya sana. Wakamwuliza maswali, akajibu, wakauliza tena yaleyale, akajibu tena. Sikumwonyesha kwamba nimemwona.

Mvua.

Jumatano, 3 Desemba

Tumesafisha mara ya nne. Nyama ya kukata inapungua, na mtu mwenyewe anapungua. Dawa kali tuliyohitaji ilipatikana nusu, na nusu hiyo imeisha.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo alikuwa na akili zake. Nilipokuwa nambadilishia vitambaa akaniuliza kama ni kweli maziwa ya Masisi hayafiki tena mjini. Nikamwambia yanafika, machache, ghali. Akataka kujua nani anatengeneza jibini mahali pake. Sikujua.

"Mama Ange, munisemee ukweli. Kaporali ataniachia?"

"Kwanza tupone hii."

"Ile njo munasema tangu mwezi ya kenda," akasema, bila hasira. Kisha: "Mama aliniosha vizuri, unajua? Aliumia sana kuniona. Ilikuwa inachoma, lakini nilimuacha, juu alikuwa na furaha."

Kwa hiyo yeye anajua. Sijui ni tangu lini. Alinitazama mpaka akaona kwamba nimeelewa na kwamba sitasema, ndipo akafumba macho. Nilimaliza kumfunga vitambaa.

Jumamosi, 6 Desemba

Mkojo umekauka. Mashine ya kusafisha damu hatuna.

Jumatatu, 8 Desemba

Amekufa asubuhi, wakati wa chai. Mama yake alikuwa ameshika kikombe. Umugwaneza alikuwa ameenda kwenye maji, na mtu wa moto akamfuata.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Mukantwari alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa, akamnyoosha miguu. Umugwaneza alipofika, walimwosha wawili, mimi nikiwamwagia maji. Walipofika tumboni mama akasimama. Mfuko wa sashe ulikuwa umetolewa, na ule mdomo mwekundu ulikuwa umeanza kupauka.

"Mama Ange," akasema, "hatuwezi kumuzika wazi hivi. Mumufunge sasa."

Nilienda kumwomba dokta. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Mufunge," akasema. "Vizuri. Kama ni muzima."

Nikachukua uzi, ule mzuri, si ule wa wafu. Nikausukuma utumbo ndani kwa kidole, ukaingia bila kubisha. Nikashona nyama kwanza, kisha ngozi, mishono midogo iliyokaribiana, nikakata uzi, nikapangusa. Mvua ilikuwa imekatika. Mukantwari aliinama akapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Tumbo lilikuwa tumbo la kijana yeyote aliyelala.

Aliponiinulia uso hakuwa na machozi.

"Kumbe ni kazi kidogo hivi," akasema. "Basi mulikuwa munangojea nini siku zote hizi?"

Wodi nzima ilisikia. Dokta alikuwa amefika mlangoni, naye alisikia. Umugwaneza aliacha kupangusa miguu, akaniangalia, na mkono wake ukashika pindo la koti langu, chini, mahali ambapo mama mkwe wake asingeuona. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la kweli, fupi, na lingenitoa mimi na dokta kwenye midomo ya Ndosho yote.

"Tulichelewa, mama," nikamwambia. "Mutusamehe."

Akasema atatusamehe, lakini si leo. Kisha akakunja kitenge alicholazwa, upande wa kichwa, Umugwaneza akashika upande wa miguu, na mimi nikashika katikati, tukampeleka nje.